DAWA ZA KUSUKUTUA KINYWA: MITISHAMBA AU ZA DUKANI?



Mwezi huu katika ukurasa wetu wa afya tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo lililomo katika nyumba zetu nyingi, lakini ambalo mara chache tunakaa na kulifikiri, yaani dawa za kusukutua kinywa. Wazee wetu walisukutua kwa maji ya chumvi, kwa maji ya majani ya mwarobaini, au kwa maji yaliyochemshwa na karafuu. Siku hizi maduka ya dawa yana chupa za kila rangi, na kila chupa inaahidi kuua vijidudu na kuacha kinywa kikinukia vizuri.

Hapo ndipo ubishi unapoanza. Mmoja anasema, "Dawa za asili hazina madhara, kwa nini nipoteze fedha dukani?" Mwingine anajibu, "Mitishamba ni mambo ya kizamani, dawa ya kweli ni ile iliyopimwa kiwandani." Leo tutawasikiliza wote wawili, na tutaona kwamba kila mmoja ana ukweli wake na kosa lake. Lakini lipo kosa la tatu ambalo wote wawili hulifanya, nalo ndilo linalodhuru zaidi: kudhani kwamba maji ya kusukutua, yawe ya majani au ya chupa, yanaweza kuponya jino lililotoboka au usaha uliojificha chini ya jino. Kwa kosa hilo watu hupoteza meno ambayo yangeweza kuokolewa, na wengine hufika hospitali wakati uvimbe umekwisha kushuka shingoni.

KINYWANI MNA NINI?

Kabla ya kulinganisha dawa ni vizuri tujue tunapigana na nini. Kinywa cha binadamu kina bakteria wengi sana. Wataalamu wamehesabu aina zaidi ya 700 zinazoweza kuishi humo. Si wote ni adui. Wengi wao hukaa kwa amani, tena huzuia vijidudu vibaya visipate nafasi.

Shida huanza pale bakteria wanapojikusanya juu ya meno na kutengeneza utando laini, wenye kunata, ambao wengi tunauita ukoga. Ukipitisha ukucha karibu na ufizi asubuhi kabla ya kupiga mswaki utaupata. Ndani ya utando huo bakteria hushikamana na kujifunika kwa ute wao wenyewe, na wale wa chini hukingwa na wale wa juu.

Utando huo huleta magonjwa mawili makubwa. La kwanza ni kuoza kwa meno. Bakteria fulani, hasa yule aitwaye *Streptococcus mutans*, hula sukari tunayokula na kutoa asidi. Asidi hiyo huyeyusha sehemu ngumu ya nje ya jino kidogo kidogo mpaka tundu linapatikana. La pili ni ugonjwa wa fizi. Fizi huvimba, huwa nyekundu na kutoka damu wakati wa kupiga mswaki. Zikiachwa hivyo kwa miaka, mfupa unaoshika meno huliwa, na meno hulegea na kung'oka hata kama hayana tundu lolote. Utando ukikaa bila kuondolewa hugeuka kuwa mgumu kama jiwe, nao huitwa ugaga. Ugaga hauondolewi na mswaki wala dawa yoyote ya kusukutua. Huondolewa kwa vyombo vya daktari wa meno tu.

Haya si magonjwa madogo. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika taarifa yake ya mwaka 2022, lilieleza kwamba watu wapatao bilioni 3.5 duniani wana ugonjwa wa kinywa wa aina moja au nyingine, na kwamba watatu kati ya kila wanne miongoni mwao wanaishi katika nchi za kipato cha kati.

SOMO LA SIKI

Mtu wa kwanza kuwaona bakteria wa kinywani alikuwa Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, ambaye alijitengenezea darubini ndogo. Mwaka 1683 aliandika barua kwa Chama cha Kifalme cha Sayansi cha London, akieleza kwamba katika uchafu mweupe uliokuwa katikati ya meno yake aliona viumbe vidogo vikitembea.

Leeuwenhoek alifanya jaribio ambalo lina faida kwetu mpaka leo. Alichanganya viumbe hivyo na siki, vikafa. Kisha akasukutua kinywa chake mwenyewe kwa siki kali. Alipochukua tena uchafu kutoka katikati ya meno ya nyuma, alikuta viumbe vingi vikiwa hai. Siki iliua vile ilivyovigusa tu, lakini haikupenya ndani ya utando.

Tuishike habari hiyo vizuri, kwa sababu inahusu kila dawa tutakayoitaja hapa. Kuua vijidudu katika sahani ya maabara ni kitu kimoja, na kuua vijidudu waliojificha ndani ya utando, katika kinywa chenye mate yanayosafisha kila kitu kwa dakika chache, ni kitu kingine.

DAWA ZA VIWANDANI

Chupa za dukani hazifanani. Zipo ambazo kazi yake ni kutoa harufu nzuri tu kwa saa moja au mbili, hazina dawa yenye nguvu. Zile zenye dawa tunaweza kuzigawa katika makundi manne. Njia ya kuzitambua ni kusoma maandishi madogo ya nyuma ya chupa, wala si picha ya mbele.

1. Klorheksidini. Hii ndiyo yenye nguvu zaidi, na ndiyo ambayo dawa nyingine zote hulinganishwa nayo. Sifa yake ilitokana na uchunguzi uliofanyika Aarhus, Denmark, chini ya Profesa Harald Löe. Mwaka 1965 yeye na wenzake walichapisha habari za watu 12 wenye fizi nzima waliokubali kuacha kusafisha meno. Katika muda wa siku 10 hadi 21 fizi za wote ziliugua. Walipoanza tena kusafisha, fizi zilipona kwa muda wa wiki moja hivi. Hivyo ikathibitika kwamba utando ndio chanzo cha ugonjwa wa fizi. Mwaka 1970 Löe na mwenzake Schiøtt walionyesha kwamba watu wasiopiga mswaki, lakini wakasukutua klorheksidini ya asilimia 0.2 mara mbili kwa siku, hawakupata utando wala ugonjwa wa fizi kwa muda wa jaribio.

Siri yake ni kushika. Klorheksidini hujibandika juu ya meno na ngozi ya ndani ya kinywa, kisha hujiachia polepole na kuendelea kufanya kazi kwa saa nyingi baada ya mtu kutema. Huuzwa kwa nguvu ya asilimia 0.2, ambayo hutumiwa mililita 10 kwa mara moja, au asilimia 0.12, ambayo hutumiwa mililita 15. Ukipiga hesabu utaona kwamba kiasi cha dawa ni karibu sawa: miligramu 20 kwa ile ya kwanza na 18 kwa ile ya pili. Kwa hiyo chupa yenye namba kubwa si lazima iwe bora kuliko nyingine.

2. Mafuta ya mimea yaliyotayarishwa kiwandani. Hapa wabishi wetu wawili watashangaa. Dawa ya kusukutua iliyo maarufu kuliko zote, Listerine, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1879, ina thaimoli ya mmea wa thaimu, mentholi ya mnanaa, na dawa inayopatikana katika mafuta ya mkaratusi. Asili yake basi ni mimea, ila imepimwa na kuwekwa katika chupa. Hupunguza utando na kutoka damu kwa fizi, ingawa kwa utando haiifikii klorheksidini. Aina nyingine za dawa hizi zina kileo kingi, hata zaidi ya asilimia 20, na nyingine hazina kabisa.

3. Setilpiridini. Hii imo katika chupa nyingi za bei ya kati. Husaidia kwa kiasi, lakini haishiki kinywani kwa muda mrefu kama klorheksidini.

4. Floridi. Kazi yake kubwa ni kuimarisha jino lisiyeyushwe na asidi, wala si kuua bakteria. Hufaa kwa mtu anayetobokwa na meno mara kwa mara. Lakini sisi wa nchi hii tukumbuke kwamba maji ya baadhi ya sehemu za Arusha, Kilimanjaro na Manyara yana floridi nyingi kupita kiasi, na ndiyo maana meno ya wenyeji wengi wa huko yana rangi ya kahawia. Anayeishi sehemu hizo amwulize kwanza daktari wa meno. Tena ajue kwamba madoa hayo hayatoki kwa kusukutua.

DAWA ZA MITISHAMBA

Sasa tugeukie upande wa pili, tukianza na zile tunazozijua.

Mswaki. Lugha yetu yenyewe inatufundisha hapa. Kabla jina hili halijapewa brashi ya plastiki, lilikuwa jina la kijiti na la mti wake, ambao wataalamu wanauita *Salvadora persica*. Mti huu huota katika sehemu kavu za Afrika ya Mashariki, Uarabuni na Bara Hindi. Mizizi yake ina kemikali inayoua baadhi ya bakteria wa ugonjwa wa fizi, na watafiti wa Chuo cha Karolinska cha Sweden walionyesha jambo hilo mwaka 2011. Lakini faida ya kijiti ni mbili kwa pamoja: kinasugua na kinatoa dawa. Ukichemsha kijiti na kusukutua maji yake umepata dawa, lakini umepoteza kusugua, ambako ndiko muhimu zaidi. WHO lilihimiza matumizi ya vijiti hivi mwaka 1986 mahali ambapo watu wamezoea kuvitumia. Kwa hiyo asiyeweza kununua brashi asione haya. Atafune ncha ya kijiti safi mpaka nyuzi zilainike, asugue kila upande wa kila jino, ndani na nje, na ncha iliyochakaa aikate.

Mwarobaini. Jina lake linatokana na imani kwamba unatibu magonjwa arobaini. Kwa kinywa, majani na magamba yake yana kemikali zinazopunguza bakteria. Huko India yamefanyika majaribio kadhaa ya kulinganisha dawa ya mwarobaini na klorheksidini, na mengine yamekuta kwamba mwarobaini ulipunguza utando na kutoka damu kwa fizi kwa kiasi kinachokaribia klorheksidini.

Karafuu. Mafuta yake yana dawa iitwayo yujenoli, ambayo hutuliza maumivu na kuua vijidudu. Madaktari wa meno wenyewe huitumia kwa kuichanganya na unga wa zinki katika kuziba meno kwa muda. Lakini kutuliza maumivu siyo kuponya. Tutarudi kwenye neno hili.

Chai ya kijani na manjano. Zote zimejaribiwa kama dawa za kusukutua, na zimeonyesha kupunguza utando kwa kiasi fulani.

Maji ya chumvi. Haya si mitishamba, lakini ni ndugu yao wa jikoni. Nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji ya uvuguvugu, yaliyochemshwa kwanza, hutuliza fizi zenye kidonda na husaidia baada ya kung'olewa jino. Ila baada ya kung'olewa usisukutue mpaka zipite saa 24, la sivyo utaondoa damu iliyoganda na kidonda kitabaki wazi.

TUZILINGANISHE

Tukiweka pande mbili katika mizani tutapata mambo manne.

Kwanza, nguvu. Klorheksidini bado inaongoza, tena ushahidi wake ni mkubwa. Mwaka 2017 wataalamu wa kundi la kimataifa liitwalo Cochrane walichambua majaribio 51 yenye watu zaidi ya 5,000. Walikuta kwamba klorheksidini, ikitumiwa pamoja na kupiga mswaki, hupunguza utando kwa kiasi kikubwa, na kwa watu wenye ugonjwa mdogo wa fizi hupunguza ugonjwa huo kidogo. Tuone neno hilo "kidogo". Hata dawa bingwa, kwa mtu ambaye tayari anasafisha meno vizuri, huongeza faida ndogo tu kwa fizi. Majaribio mengi ya mitishamba, kwa upande mwingine, yalikuwa na watu wachache na yalidumu kwa wiki chache tu. Hatusemi kwamba mitishamba haifai. Tunasema kwamba ahadi yake ni nzuri, ila uzito wa ushahidi bado ni mdogo.

Pili, uhakika wa kipimo. Ukinunua chupa unajua ina asilimia ngapi ya dawa. Ukichemsha majani hujui. Mti mmoja hutofautiana na mwingine kwa udongo na majira, na mkono wa mama mmoja hutofautiana na wa mwingine. Isitoshe, maji ya majani yakikaa siku mbili tatu katika chupa ya kawaida huotesha bakteria wapya, na mtu husukutua uchafu akidhani ni dawa.

Tatu, madhara. Hapa ndipo wapenzi wa mitishamba wana hoja. Klorheksidini ikitumiwa kwa wiki kadhaa hupaka meno na ulimi rangi ya kahawia, hubadili ladha ya chakula, na huongeza ugaga. Mara chache sana huleta mzio mkali. Tena, kwa kuwa huua bakteria bila kuchagua, huwagusa na wale wema. Juu ya ulimi wapo bakteria wanaobadili chumvichumvi za mboga za majani, kama mchicha, kuwa kitu kinachosaidia mishipa ya damu kulegea. Mwaka 2013 watafiti wa London waliwapa watu 19 wenye afya dawa hii kwa siku 7, na msukumo wa damu yao ukapanda kidogo. Si jambo la kumtisha mtu aliyeandikiwa dawa kwa wiki mbili, lakini ni sababu nzuri ya kutoifanya kuwa desturi ya maisha.

Hata hivyo, maneno "ya asili haina madhara" si kweli. Mafuta ya mwarobaini yakinywewa na mtoto mdogo yanaweza kuleta degedege, kupoteza fahamu na hata kifo. Mafuta ya karafuu yasiyochanganywa na kitu huunguza ufizi. Maji ya limau, ambayo wengine huyasifu kwa kung'arisha meno, nayo ni asidi, na huyeyusha jino.

Nne, gharama. Maji ya chumvi na majani ya mti ulio uani hayana bei. Kwa familia yenye kipato kidogo, fedha ya chupa ya kusukutua ingenunua brashi kwa kila mtu nyumbani na dawa ya meno yenye floridi. Kama ni lazima kuchagua, tunashauri mchague brashi na dawa ya meno.

HATARI ZA KUANGALIA SANA

Tunapenda mzisome sehemu hizi kwa makini, na kuwasomea wale wasioweza kusoma.

Jina moja, dawa mbalimbali. Klorheksidini haipo kwa ajili ya kinywa tu. Ipo ya kuoshea mikono na ngozi hospitalini, yenye nguvu mara nyingi zaidi. Ipo ya asilimia 7.1 kwa ajili ya kitovu cha mtoto mchanga, ambayo ikiingia jichoni kwa makosa huharibu jicho. Usichukue dawa ya namna hiyo ukaizimua kwa maji ili kusukutua. Nunua ile iliyoandikwa kwamba ni ya kinywa, kutoka duka la dawa linalotambulika.

Watoto. Mtoto wa chini ya miaka 6 asipewe dawa ya kusukutua ya chupa, kwa kuwa hajui kutema. Zile zenye kileo zisitumiwe na watoto kabisa, wala na mtu anayejitahidi kuacha pombe. Chupa ziwekwe mahali wasipofika.

Noma. Ugonjwa huu hula uso wa mtoto, hasa wa miaka 2 hadi 6, mwenye utapiamlo au aliyetoka kuugua surua. Huanza kama ufizi unaotoka damu na kunuka, kisha shavu huvimba na nyama huoza kwa siku chache. Bila tiba wengi hufa. Mwezi Desemba mwaka 2023 WHO liliuingiza katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa. Ukigunduliwa mapema unatibika kwa viuavijasumu, chakula bora na kusafisha kinywa, na klorheksidini ni sehemu ya tiba hiyo. Kwa hiyo mtoto dhaifu mwenye kidonda cha ufizi kinachonuka asikalishwe nyumbani akisukutuliwa kwa majani. Apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Maumivu yaliyonyamaza. Tulisema tutarudi kwenye karafuu. Jino lililotoboka likiuma, mtu huweka karafuu, au husukutua chumvi, na maumivu hupungua. Anashukuru na kusahau. Wakati mwingine maumivu hukoma yenyewe kwa sababu mshipa ulio ndani ya jino umekufa. Lakini bakteria hawakufa. Wanaendelea kushuka kwenye mzizi na kutengeneza usaha ndani ya mfupa, mahali ambapo hakuna maji ya kusukutua yanayoweza kufika. Baada ya wiki au miezi usaha hutafuta njia. Ukishuka chini ya ulimi na shingoni, huweza kuziba njia ya pumzi na kuua. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Jino lililotoboka kidogo huzibwa kwa muda mfupi. Likiachwa litang'olewa, na likiachwa zaidi linaweza kumchukua na mwenyewe.

NAMNA YA KUTUMIA

Tufuate hatua hizi:

1. Piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floridi, na moja ya mara hizo iwe kabla ya kulala. Ukimaliza tema povu, wala usisukutue kwa maji mengi, ili floridi ibaki kwenye meno.

2. Usisukutue dawa ya chupa mara tu baada ya kupiga mswaki. Kwa klorheksidini subiri angalau nusu saa, kwani povu la dawa ya meno huipunguza nguvu. Kwa dawa nyingine chagua wakati tofauti, kwa mfano baada ya chakula cha mchana.

3. Klorheksidini itumie kwa sababu maalumu: baada ya kufanyiwa upasuaji wa kinywa, wakati wa ugonjwa wa fizi uliopimwa, au pale mtu asipoweza kupiga mswaki. Sukutua kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, nusu dakika au dakika moja, kisha tema. Usizidishe wiki mbili au nne ila kwa agizo la daktari. Baada ya kusukutua usinywe chai wala kahawa kwa saa moja hivi, ili madoa yapungue.

4. Maji ya majani yachemshwe kwa maji safi, yapozwe, yachujwe, yatumiwe siku hiyohiyo, na yatemwe. Yakikuwasha au kukuletea vidonda, acha. Mama mjamzito asiyanywe maji ya mwarobaini.

5. Punguza sukari. Soda na pipi za mara kwa mara huwapa bakteria chakula siku nzima, na hakuna dawa ya kusukutua inayoshinda hilo.

LINI TWENDE HOSPITALI?

Nenda kwa daktari au tabibu wa meno kama fizi zinatoka damu kwa zaidi ya wiki mbili ingawa unasafisha vizuri, kama jino lina tundu au linalegea, kama jino linauma kwa kitu cha moto au baridi, kama harufu mbaya haiishi, au kama una kidonda kisichopona kwa wiki mbili. Mwenye kisukari asikawie, kwa kuwa ugonjwa wa fizi huzidisha sukari na sukari huzidisha ugonjwa wa fizi. Na kama uso au shingo imevimba, una homa, huwezi kufungua kinywa, kumeza au kupumua vizuri, usingoje kesho. Hiyo ni dharura.

Basi, mitishamba au ya dukani? Jibu letu ni kwamba tuchague dawa kwa kazi yake. Maji ya chumvi na mwarobaini yanafaa kama msaada mdogo wa nyumbani. Klorheksidini inafaa kwa kazi nzito ya muda mfupi. Lakini kazi ya kila siku inafanywa na mkono wako ulioshika mswaki, uwe wa kijiti au wa dukani, na jino lililotoboka ni kazi ya tabibu wa meno. Dawa ya kusukutua isiwe kisingizio cha kukimbia yote mawili.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Nyumbani kwetu ni nani asiye na mswaki wake mwenyewe? Tufanye nini kabla mwezi haujaisha?

2. Kwa nini siki ya Leeuwenhoek haikuua viumbe vyote? Tunajifunza nini juu ya dawa tunazozitumia sisi?

3. Je, yupo jirani yetu anayetuliza jino kwa karafuu kwa miezi mingi sasa? Tumsaidieje afike hospitali?

4. Tutaje dalili tatu za mtoto ambazo hazistahili kungojwa mpaka kesho.